Njia ya Wawindaji: Safari za Miguu za Wazee Wetu wa Ikoma



Kila mwaka kijitabu hiki cha harambee hutenga kurasa chache kwa ajili ya historia ya kwetu. Tumekwisha kuandika habari za shule ya kwanza na za barabara. Mwaka huu Kamati ilipokaa kuchagua mada, mjumbe mmoja alisema tuandike juu ya uwindaji. Kikao kikanyamaza. Mwingine akauliza kama tunataka wafadhili wasome kwamba sisi ni majangili. Tulibishana hadi chai ikapoa, na mwisho tukakubaliana kwamba hofu ile ndiyo sababu ya kuandika. Watu ambao hawawezi kutaja kazi ya babu zao bila kuangalia mlangoni wana jambo la kulizungumza.

Basi tuanze na kazi yenyewe.

Simulizi ya Waikoma, kama mlivyoisikia kwa bibi zenu, yasema babu yetu wa kwanza alikuwa mwindaji aliyetoka upande wa Sonjo, mashariki ya mbuga, akafuata mnyama mpaka huku tuliko. Jirani zetu Wanata nao husimulia habari ya mwanamume mwindaji aliyekutana na mwanamke mkulima, wakaoana. Hatuzisemi simulizi hizi kama hati ya mahakama. Tunazitaja kwa sababu zote zinaanza na mtu anayetembea kwa miguu nyuma ya mnyama, na kwamba chungu kilipotulia mekoni, ndani yake mlikuwa na ugali wa mkulima na nyama ya mwindaji. Sisi hatukuwahi kuwa watu wa porini tu. Tulikuwa wakulima wa ulezi na mtama, tuliofuga tulipoweza, na tuliowinda kwa majira.

Majira hayo aliyapanga nyumbu. Nyumbu hukaa kwenye nyanda za majani mafupi kusini wakati wa masika, wakizaa huko. Mvua zikikatika, kati ya Mei na Julai, wanasogea magharibi na kaskazini, wanapita mto Mbalageti, wanapita Grumeti, na kundi jingine linapita karibu na milango yetu kuelekea mto Mara. Kufikia Novemba mvua za vuli zikianza, wanarudi. Angalieni kalenda ya shamba: Juni na Julai ndio wakati mavuno yamekwisha kuingia ghalani na wanaume hawana kazi kubwa. Nyama ilikuwa ikituletea yenyewe habari kwamba imefika.

Tulizungumza na wazee watatu walio zaidi ya miaka themanini, na wawili kati yao walikwenda safari hizo wakiwa vijana, wamefuatana na baba zao. Walichotueleza hakifanani hata kidogo na yale mnayoyaona leo kwenye picha za washitakiwa wamesimama mbele ya rundo la nyaya.

Safari ya kuwinda haikuwa jambo la mtu mmoja kujiamulia usiku. Wanaume kumi hivi au zaidi walikubaliana, na mmoja mwenye kuijua nchi akawa kiongozi. Kila mtu alibeba upinde, podo la mishale, kisu, kibuyu na unga kidogo. Kijana wa safari ya kwanza alibebeshwa mzigo wa wakubwa, akakatazwa kusema ovyo. Walitembea siku mbili, siku tatu, mpaka kwenye kambi iliyojulikana, yenye maji na miti ya kuanikia nyama. Kambi hizo zilikuwa na majina, na kila moja ilikuwa na watu wake waliozoea kuitumia. Kikundi kingine hakikuja kupanga hapo bila kuomba.

Mshale ulipakwa sumu. Mti wa sumu tunaujua sote, hukatwa vipande na kuchemshwa saa nyingi mpaka maji yabaki mazito meusi kama lami. Aliyepika alikaa mbali na nyumba, na mishale iliviringishwa ngozi laini ili isimkwaruze mwenye nayo na ili sumu isikaukie jua. Mzee mmoja alituonyesha kwa kidole namna ya kumkaribia nyamera: unatembea anapoinamisha kichwa kula, unasimama anapokiinua, na hata inzi akitua puani humfukuzi. Halafu akacheka kwa sababu goti lake lilikataa kuinama.

Palikuwa na sheria ya mgawanyo. Mnyama alikuwa wa mtu aliyetangulia kumpiga mshale, hata kama mwingine ndiye aliyemkuta ameanguka. Huyo wa pili alikuwa na fungu lake, na kijana aliyebeba maji alikuwa na lake. Koo nyingine zilikuwa na mwiko wa mnyama fulani, wakampita kama hawamwoni. Nyama ilikatwa vipande virefu vyembamba, ikaanikwa mpaka ikawa kimoro kikavu cha kubebeka, na safari ya kurudi ndiyo iliyokuwa nzito. Watu wa nyumbani walitoka kuwapokea njiani.

Sehemu kubwa ya kimoro hicho haikuliwa kwetu. Hili vijana wengi hawalijui. Wazee walikibeba kwenda Usukumani pamoja na mikia ya nyumbu, kwa kuwa Wasukuma walithamini sana singa za mkia kwa kusukia mapambo ya mikono na miguu. Mkia mmoja mwepesi usiooza ulikuwa mali. Waliporudi kutoka Usukumani waliswaga mbuzi na ng'ombe. Kwa hiyo zizi la ng'ombe ambalo wengi wenu mlilipiwa nalo karo, au ambalo baba zenu walitolea mahari ya mama zenu, ukilifuata nyuma kizazi kwa kizazi utafika kwenye mkia wa nyumbu.

Na kulikuwa na haja kubwa ya kuanza upya, maana miaka ya 1890 ilitumaliza. Sotoka ilifika Afrika Mashariki karibu mwaka 1890 na 1891, ikaua sehemu kubwa kabisa ya ng'ombe, na nyumbu na nyati nao wakafa. Nyuma ya sotoka ikaja njaa, ndui na funza. Mwaka 1892 Oscar Baumann, mtafiti kutoka Austria, alikatisha Serengeti akielekea Ziwa Victoria, akawaona Wamasai waliobaki mifupa. Kwetu familia zilitawanyika, nyingine zikaenda kuomba hifadhi Usukumani na huko wakabakia watoto waliotolewa kwa chakula. Yapo majina ya ukoo yetu Usukumani mpaka leo, na tukikutana nao kwenye misiba tunaulizana na kukuta ni ndugu.

Sasa tafadhali shikeni jambo hili, maana yaliyofuata yote yamesimama juu yake. Nchi isipokuwa na ng'ombe wa kula majani wala watu wa kuchoma moto na kulima, vichaka hurudi. Vichaka vikirudi, mbung'o hurudi. Mwaka 1922 malale yaligunduliwa upande wa Maswa, na ugonjwa huo ukazidi kuwafukuza watu kwenye mabonde. Kwa hiyo mgeni aliyefika mwanzoni mwa karne ya 20 aliona nchi pana yenye wanyama na haina watu, akadhani imekuwa hivyo tangu kuumbwa. Hakujua kwamba anatazama nyumba ambayo wenyewe wametoka miaka ishirini tu iliyopita, na ambao bado wanapita humo kila Juni.

Mgeni mmoja wa namna hiyo alikuwa Stewart Edward White, mwandishi na mwindaji Mmarekani aliyezaliwa Michigan mwaka 1873. Mwaka 1913 aliingia kwa miguu kutoka upande wa Kenya, yeye na mwenzake R. J. Cuninghame na msururu wa wapagazi, wakashuka kaskazini mwa Serengeti. Walitembea siku nyingi kwenye nchi iliyoungua, kisha wakafika kwenye kijani na makundi ya wanyama yasiyo na mwisho. Mwaka 1915 White alichapisha kitabu juu ya safari hiyo, akakipa jina The Rediscovered Country, yaani nchi iliyogunduliwa upya. Tumefurahi kwamba angalau aliandika "upya". Wajerumani walikuwa wamekwisha kujenga boma lao Ikoma, na kabla yao babu zetu walikuwa na njia, kambi, visima na majina ya vilima. Nchi iliyoungua hiyo nayo, kwa desturi ya huku, mara nyingi huunguzwa na mtu anayetaka majani mapya yachipue.

Hapa lazima tuwapeleke mbali kidogo, kisha tutawarudisha.

Mwanachama wetu mmoja anaishi Marekani, kwenye jimbo lenye baridi. Alituandikia kwamba kila vuli ya huko, wenzake kazini huchukua likizo, hujifunga mabegi mgongoni na kwenda kukaa porini siku kadhaa kuwinda kulungu wa nchi ile, mwenye pembe za matawi. Wana leseni, wana msimu uliowekwa, na hakuna anayejificha. Pennsylvania, alisema, shule nyingi zilikuwa zikifungwa siku ya kwanza ya msimu ili watoto waende na baba zao. Wapo wanaokataa bunduki na kutumia upinde tu, na chama kikubwa cha watu wa upinde huitwa Pope and Young. Mwenzetu alituuliza tu kama mzaha: hao Pope na Young ni akina nani, nasi tulikuwa watu wa upinde kabla yao?

Mmoja wetu akafuatilia. Jibu lilitunyamazisha, kwa sababu lilizunguka likaja kuishia mlangoni kwetu.

Saxton Pope alikuwa daktari San Francisco, California, kwenye hospitali ya chuo kikuu. Jirani na hospitali hiyo, ndani ya jumba la makumbusho la chuo, aliishi mtu aliyeitwa Ishi. Ishi alikuwa wa kabila la Wayahi, wenyeji wa milima na makorongo ya kaskazini mwa California. Baada ya dhahabu kugunduliwa huko mwaka 1848, walowezi waliwaua watu wake na magonjwa yakamaliza waliosalia, mpaka kikabaki kikundi kidogo kilichojificha miaka mingi kwenye vichaka, wakitembea juu ya mawe ili wasiache nyayo. Mwezi wa Agosti 1911, Ishi akiwa peke yake, mama yake na wenzake wote wamekufa, alitokeza kwenye machinjio karibu na mji wa Oroville, amekonda kwa njaa. Jina lake hakulisema kamwe. "Ishi" ni neno la lugha yao lenye maana ya mtu, nao wataalamu walimwita hivyo kwa kukosa la kumwita.

Daktari Pope alimpenda, na Ishi akamfundisha kutengeneza upinde na kuutumia. Mwaka 1914 Pope na wataalamu wawili wa chuo, Kroeber na Waterman, walimwomba Ishi awapeleke nchini kwake, kwenye korongo la mto uitwao Deer Creek, maana yake kijito cha kulungu. Mwanzoni hakutaka. Huko kulikuwa na wafu wake. Kisha akakubali, wakaenda kwa farasi na kwa miguu, wakalala nje, wakawinda kulungu, wakaoga mtoni. Ishi aliwaonyesha namna ya kumvizia na kumwita mnyama, akawaeleza kwamba mwindaji hujiepusha na tumbaku kabla ya kutoka na huosha mwili ili asinuke. Wazee wetu walipotueleza habari ya kutovuta tumbaku kambini, sisi tulikuwa tumekwisha kuisoma habari ya Ishi, tukatazamana. Watu wawili hawakupata kuonana, na pua ya kulungu na pua ya nyamera zimewafundisha sheria moja.

Lakini kazi kubwa ya safari ile haikuwa nyama. Wataalamu walitembea na Ishi wakiandika: kijiji hiki kiliitwaje, kilima kile, njia hii ilikwenda wapi, mmea huu unatibu nini. Walichora ramani. Yalikuwa majina ya nchi nzima yaliyobaki kwenye kichwa cha mtu mmoja. Ishi alikufa kwa kifua kikuu mwezi wa Machi 1916. Ingalikuwa safari ile imecheleweshwa miaka miwili, makorongo yale yangebaki makorongo tu.

Sasa rudini nyumbani. Pope aliendelea na upinde, akaandika vitabu, na pamoja na rafiki yake Arthur Young wakawa mabingwa wanaojulikana. Mwaka 1925 wawili hao walipanda meli wakaja Tanganyika kuungana na Stewart Edward White, yule yule wa mwaka 1913. Walikuja kujaribu kama simba anaweza kuuawa kwa mshale. Walipiga kambi Serengeti. Waliwapiga simba kwa upinde, bunduki za White zikiwa tayari nyuma yao kwa hatari, na mwaka 1926 Pope akachapisha kitabu juu ya safari hiyo. Mwaka huo huo akafa.

Fikirini jambo hili polepole. Ujuzi wa upinde alioutoa Ishi, mtu wa mwisho wa kabila lililofutwa kwenye ardhi yake, ulifika Serengeti mwaka 1925 mikononi mwa wageni wenye kibali. Na katika miaka hiyo hiyo, kwenye nyika hiyo hiyo, upinde wa Mwikoma ulikuwa ukigeuzwa kuwa ushahidi wa kosa.

Sheria hazikuja siku moja. Gavana wa Kijerumani Hermann von Wissmann alitoa amri ya wanyama mwaka 1896. Waingereza walitunga yao mwaka 1921, ikidai leseni. Walituachia wenyeji mwanya wa kupata kitoweo, ila kila sheria mpya iliuziba kidogo. Mwaka 1929 sehemu ya Serengeti ikafanywa hifadhi ya wanyama, na Bwana Nyama akakaa Banagi, mahali ambapo wazee wetu walipita kila msimu. Hifadhi ya taifa ikawa mwaka 1951. Mwaka 1959 mipaka ikapangwa upya, Ngorongoro ikatengwa, na ikaamuliwa kwamba ndani ya hifadhi mtu hataishi tena. Wamasai wa Moru wakahamishiwa Ngorongoro, na upande wetu wa magharibi nako waliokuwa ndani wakatolewa.

Hatuandiki haya ili kusema hifadhi ilikuwa kosa. Tungekuwa waongo. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walipohesabu wanyama kwa ndege yao ya michirizi ya pundamilia mwaka 1958, walipata nyumbu wasiofika laki moja. Leo wanakadiriwa kupita milioni moja. Sababu mojawapo kubwa ni chanjo ya sotoka kwa ng'ombe wa wafugaji, jambo ambalo husahaulika: nyumbu waliongezeka kwa kuwa ng'ombe wa watu walitibiwa. Nyingine ni ulinzi. Michael alikufa Januari 1959 ndege hiyo ilipoanguka, na kaburi lake lipo ukingoni mwa Ngorongoro. Sisi wenyewe tunawapeleka watoto wetu kuwaona nyumbu wakivuka, nasi tunapiga picha kama wengine.

Tunachosema ni kwamba sheria iliua safari na haikuua uwindaji. Safari ya watu kumi wenye kiongozi, kambi yenye jina na mgawanyo wa haki haiwezi kufanywa kwa kujificha. Inayoweza kufanywa kwa kujificha ni waya. Waya wa chuma uliochunwa kwenye tairi kuukuu hauchagui. Unanasa jike lenye mimba, unanasa fisi, unanasa mnyama ambaye hakuna mtu atakayerudi kumchukua kwa kuwa mwenye kutega amekimbia. Upinde ulimtaka mtu aijue nchi. Waya unamtaka ajue tu wapi doria haijapita. Mzee mmoja wa hao watatu alisema hajawahi kumfundisha mjukuu wake chochote juu ya porini, kwa kuogopa kwamba angemfundisha njia ya gerezani. Mjukuu alijifunza kwa wenzake, kwa waya, na gerezani amekwenda hata hivyo. Familia nyingi zitakazosoma hapa zinamjua kijana wa namna hiyo, na wengine wenu ndio mliolipa faini.

Yalifanyika majaribio. Miaka ya 1990 ulikuwapo mpango wa vijiji kuvuna wanyama wachache kihalali na kuuza nyama kwa bei nafuu, na wengi mnakumbuka foleni ya nyama hiyo. Haukudumu. Mwaka 1994 mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yalitangazwa rasmi kando yetu. Miaka ya 2000 vijiji vyetu viliungana kuanzisha Ikona, jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori, na mapato ya utalii yakajenga madarasa. Hilo tunalishukuru kwa dhati, ingawa kwenye mikutano ya vijiji bado tunagombana juu ya nani alipata kiasi gani, na acheni tugombane. Mwaka 2020 zilitoka kanuni za mabucha ya nyamapori, kwa hiyo Mtanzania anaweza kununua nyama ya pori akiwa na risiti mkononi. Bibi mmoja wa kwetu alipoambiwa hivyo aliuliza kama risiti hiyo inaonyesha nani alimpiga mshale wa kwanza.

Mwaka jana mwezi wa Julai, wanakamati wanne na vijana watatu wa sekondari tulikwenda na mzee mmoja kutembea sehemu ya njia ya zamani, kwenye ardhi ya kijiji, kutoka Robanda kuelekea uwazi wa mto. Hatukubeba silaha. Tulibeba maji, mihogo ya kuchemsha, daftari moja na kiti kidogo cha mzee cha miguu mitatu. Tulidhani tutatembea saa mbili. Tulitembea tangu asubuhi mpaka jua la alasiri, kwa sababu kila hatua mia mzee alisimama. Hapa palikuwa na shimo la mtego la watu wa ukoo fulani. Bonde hili linaitwa hivi kwa sababu ya mwanamke aliyejifungulia hapa kipindi cha njaa. Mti huu si ule wa asili, ule wa asili ulianguka, huu ni mtoto wake. Kwenye ukurasa wa kumi na mbili daftari lilijaa, wakaanza kuandika pembeni, kisha nyuma ya jalada, kisha kwenye simu.

Kwenye kigingi cha mpaka tulisimama. Mzee alikaa kwenye kiti chake, akanyoosha fimbo kuelekea ng'ambo, akaendelea kutaja. Vilima, vijito, kambi, njia panda. Alitaja mahali ambapo baba yake alizikwa. Kijana aliyekuwa akiandika aliuliza jina la kilima kimoja chenye mawe mawili juu, mzee akafungua mdomo, akafunga. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema alilijua jana.

Tulirudi hatusemi sana. Mwenye simu aligundua njiani kwamba chaji iliisha kabla ya majina ya mwisho kuhifadhiwa.

Kwa hiyo sehemu ya mchango wa mwaka huu, baada ya bweni la wasichana ambalo limefika kwenye lenta, Kamati inaomba itengwe kwa mambo mawili. La kwanza ni kuandika majina haya kwa mpango: vifaa viwili vya kurekodia sauti, kipimo cha kuonyesha mahali tulipo, posho ya vijana watakaofuatana na wazee, na kuchapa ramani itakayobandikwa kwenye kila shule ya msingi ya kata zetu. La pili ni ada za vijana sita kwenye mafunzo ya waongoza watalii. Watalii wa kutembea kwa miguu wanakuja, wanalipa, na mpaka sasa wanaowaongoza wengi wanajua jina la Kilatini la ndege na hawajui bonde lile linaitwaje. Mtoto wa Mwikoma akisoma vyote viwili, atapata mshahara kwa kujua kitu ambacho babu yake alikijua na kikamfunga.

Wapo watakaosema posho ya kutembea na wazee ni anasa wakati bweni halina bati. Hoja hiyo ililetwa kikaoni na ni ya haki, nasi tumeweka bweni mbele. Lakini bati linangoja dukani. Kati ya wazee watatu tuliozungumza nao, mmoja tulimzika Februari.

Wenye upinde, podo, kibuyu cha safari au kitu chochote cha zamani nyumbani wasikiuze kwa wapita njia. Kileteni kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu, kitaandikwa jina la familia na kubaki mali ya familia. Wenye wazazi wa umri ule wamweleze katibu mapema. Matembezi ya pili yatakuwa Juni baada ya mavuno, na mzee wa mwaka jana amekubali kuja tena kwa sharti moja: atakayebeba kiti chake asiwe mtu wa kulalamika. Jina la kilima chenye mawe mawili, anasema, limemrudia usiku mmoja, naye amemwambia mkewe alitunze mpaka tufike.